Kiboksi cha HDMI kwenda AV kwa ajili ya TV ya chogo: nimeliwa mara mbili ndo nikapata chenyewe

Mama yuko Morogoro na ana TV ya chogo ya inchi 21 ambayo hataki kabisa kusikia habari ya kuiuza. TV hiyo ilianza na antena juu ya bati, Dar wakazima analojia tarehe 31 Desemba 2012 na mikoa mingine ikafuata, akanunua king'amuzi, waya wa rangi tatu (ndo AV: njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti) ukachomekwa nyuma maisha yakaendelea. Sasa mwaka huu nikampelekea kale kaboksi ka Android aangalie mawaidha na taarabu zake YouTube, nafika nakageuza nyuma naona tundu la HDMI tu, lile bapa la kwenye TV za flati, hakuna njano, hakuna nyeupe, hakuna nyekundu. Nikachoka.

Nikarudi Dar nikaingia Kariakoo, duka la kwanza nikapewa waya mmoja huku una kichwa cha HDMI huku una vichwa vitatu vya AV, elfu nane, jamaa ananiambia "chomeka tu bro inakubali zote". Wakuu ule waya ni pambo. HDMI inatoa digitali, yaani namba tupu, wakati ile njano ya chogo inataka umeme unaopanda na kushuka kufuatana na picha, sasa waya mtupu hauna chipu wala hauli umeme, nani anatafsiri hapo katikati? Ukiuona wa hivyo hauna sehemu ya kuchomekea umeme usitoe hata mia.

Duka la pili nikaomba konveta, yaani kiboksi cha kutafsiri, nikapewa kiboksi cheusi kidogo kinaenea kiganjani, nikampa dereva wa basi akipeleke, mdogo wangu kakipokea kachomeka, kimya. Kuja kunipigia picha ya mgongo wake kimeandikwa AV2HDMI. Hiyo "2" ya katikati inasomeka "kwenda", kwa hio hicho ni cha mtu mwenye deki ya kanda au DVD ya zamani anayetaka kuonea kwenye flati, sisi tulitaka HDMI2AV. Kwa nje vinafanana hadi matundu, na hakibadiliki ukikigeuza, njia ni moja tu. Muuzaji nae hakuwa anajua tofauti, ila hapo kosa nakubali nusu langu, sikusoma.

Cha tatu ndo hiki ninachokisifia, cheupe, HDMI2AV, elfu kumi na nane. Ndani kuna kiboksi na kawaya ka USB basi, waya wa rangi tatu unajitegemea (tuliutoa kwenye DVD iliyokufa). Umeme wake ni volti 5 tu kwa hio kinakula kwenye tundu la USB la kale kaboksi ka Android, huhitaji chaja nyingine.

Siku ya kukiwasha dogo ananipigia, "kaka picha imekuja ila haina rangi", nyuma namsikia mama "mwambie kaka yako ameshaniulia TV yangu". Nikamwambia washa kamera nione nyuma, kumbe pale kwenye TV kuna matundu ya safu mbili, moja ya njano na nyingine ya kijani, bluu na nyekundu, dogo kaona kijani kiko wazi kachomeka njano humo. Lile la kijani linapokea mwanga wa picha peke yake, rangi inasubiriwa kwenye bluu na nyekundu, ndo maana ukipeleka njano pale unapata sinema ya enzi za mkoloni. Kuhamisha tu, rangi ikarudi, mama akacheka. Kama kwako njano iko mahala pake na bado ni nyeusi na nyeupe au picha inapanda panda, angalia kaswichi ubavuni mwa kiboksi kameandikwa PAL na NTSC (mifumo miwili ya picha za TV), weka PAL, huku kwetu TV nyingi ndo lugha yake.

Picha sasa. Ukikaa mbali kidogo ni safi tu, nyuso zinaonekana vizuri, ila maandishi madogo sahau. Kaboksi kanatoa mistari 1080, kwenye PAL inayoonekana ni 576, na njano inabeba mwanga na rangi vimechanganywa kwenye waya mmoja, kwa hio herufi nyekundu zinavuja pembeni. Mpira unaangalia freshi ila dakika na magoli pale juu unakisia. Halafu watu wanakuwa warefu wembamba maana picha pana imebanwa kwenye TV ya mraba, hiyo nimeipunguza kwenye settingi za kaboksi, haijaisha. Sauti haina shida hata kidogo, nyeupe na nyekundu tumezipeleka moja kwa moja kwenye sabufa.

Wenye TV ambayo haina AV kabisa, ina tundu la antena tu, mkiwa na deki ya kanda ya zamani msiitupe, unaingiza AV kwenye deki, deki inatoa kwa waya wa antena, unatafuta chaneli yake kwenye TV. Na zile nyaya za rangi tatu zenye pini moja kama ya hedifoni za ving'amuzi msiazimane hovyo, mpangilio wa ndani hautofautiani kwa macho lakini upo tofauti, ukisikia mngurumo na picha hakuna jaribu kwanza kichwa chekundu kwenye tundu la njano kabla hujaita fundi.

Nakipa nne kwa tano, hiyo moja nimeikata kwa kutoweka waya ndani. Huu ni mwezi wa tatu tangu kichomekwe, kinafanya kazi kila siku, kinapata joto kidogo, na mama ameshakifunika na kitambaa cha kufuma nimemwambia akitoe hataki.