Kifaa cha kusomea chenye wino wa kielektroniki: uzoefu wangu kwa riwaya na historia

Kwa riwaya, kifaa hiki kinanitosha kabisa. Kwa vitabu vya historia kinanifaa nusu, na penye ramani au majedwali narudi kwenye karatasi bila kusita. Naandika kwa ajili ya wenzangu ambao vitabu vimewajaa ndani ya nyumba na wanajiuliza kama hela ya kununua kifaa ingekuwa bora iende kwenye vitabu vyenyewe.

Nasoma mambo mawili: historia, hasa ya Afrika na Bahari ya Hindi, na riwaya. Shida ya msomaji wa aina hii ni kwamba kitabu kimoja huzaa kingine. Unamsoma Abdulrazak Gurnah katika riwaya yake Paradise ya mwaka 1994, unafika kwenye msafara wa kwenda bara, mara unataka kujua biashara ya misafara iliendeshwaje hasa. Ukipata kitabu cha historia ya misafara, tanbihi zake zinakutajia vitabu vingine vitano. Hapo hujapita Posta kwa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara, wala hujaingia duka la vitabu la TPH pale Samora. Rundo langu lilijaza rafu, likahamia kwenye viti, kisha uvunguni mwa kitanda. Na kwa hapa Dar es Salaam, kitabu kikikaa uvunguni msimu mmoja wa masika kinatoka na madoa ya ukungu, kama mchwa hawajakiwahi.

Kifaa nilichonacho kina kioo cha inchi 6, nukta 300 kwa inchi, na nafasi ya gigabaiti 16. Nilikinunua Kariakoo kwa shilingi laki nne na kidogo. Kampuni siitaji, kwa sababu ninayoyaeleza yanahusu vifaa vya aina hii karibu vyote.

Kwanza kioo, maana ndicho unachokilipia. Hakiwaki kama cha simu. Ndani yake kuna vifuko vidogo ambavyo macho matupu hayavioni, na kila kifuko kina chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji zinazopingana. Umeme ukipita, nyeusi zinapanda juu zikaunda herufi na nyeupe zinabaki kuwa karatasi. Ukurasa ukishatulia, hakuna umeme unaohitajika kuushikilia pale. Unatumika tena unapogeuza. Ndiyo maana betri inakwenda wiki kadhaa bila kuguswa chaji. Kwa mtu anayeishi na mgao wa umeme hilo ni jambo kubwa: simu imezima, kompyuta imezima, wewe uko sura ya kumi na mbili. Taa zake ndogo ziko pembeni mwa kioo na zinamulika ukurasa, hazimuliki macho. Usiku naigeuza rangi ya taa iwe ya manjano, naishusha hadi chini, na aliyelala pembeni hasumbuki.

Juani ndipo kinapoishinda simu waziwazi. Saa saba mchana kituoni, ukisubiri mwendokasi, simu inageuka kioo cha kujitazamia, lakini hiki herufi zake zinazidi kukolea kadiri jua linavyokuwa kali. Nikipanda, nakishika kwa mkono mmoja na mwingine uko kwenye bomba. Riwaya ya kurasa mia sita ya karatasi huwezi kuisoma hivyo, na nyingi ya riwaya nilizozimaliza karibuni nimezimalizia humo njiani, kati ya Kimara na Kivukoni.

Sasa niseme kilichosaidia rundo lenyewe, maana kununua kifaa peke yake hakupunguzi kitu. Kunaweza hata kuongeza, kwa kuwa kitabu cha kielektroniki hakionekani na hakimkwazi mtu sebuleni. Kilichonisaidia ni sampuli. Maduka ya vitabu vya kielektroniki hukupa sehemu ya mwanzo bure kabla hujalipa. Zamani nikisikia kitabu kinasifiwa nilikuwa nakinunua ili nisikisahau. Siku hizi napakua sampuli tu, na hiyo sampuli ndiyo orodha yangu. Nikiisoma hadi mwisho na bado nataka kuendelea, nanunua siku hiyohiyo na kuanza siku hiyohiyo. Nyingi haziniburuzi hadi mwisho, nazifuta, na hela imebaki mfukoni. Kwa riwaya kipimo hiki ni kizuri sana. Kwa historia kinadanganya kidogo, kwa sababu sampuli hujaa dibaji, shukrani na utangulizi, na mwandishi unakuwa hujamwona bado akifanya kazi yake.

Historia ina mahitaji yake. Jambo la kwanza ni tanbihi. Kitabu kikitengenezwa vizuri katika muundo wa EPUB, yaani faili ambalo maandishi yake hujipanga upya kufuata kioo, unagusa namba ya tanbihi na maelezo yanajitokeza palepale chini ya ukurasa, unasoma chanzo, unagusa tena, unaendelea. Kwenye karatasi, tanbihi zikiwekwa nyuma ya kitabu, nilikuwa naishi na vidole viwili katikati ya kurasa. Hapa kifaa kinaishinda karatasi. Lakini kuna vitabu vilivyotengenezwa kwa haraka ambavyo namba zake hazigusiki, na humo huna njia isipokuwa kuruka hadi mwisho wa kitabu na kutafuta njia ya kurudi.

La pili ni kupigia mistari. Kila sentensi ninayoipigia mstari inahifadhiwa kwenye faili moja la maandishi, pamoja na jina la kitabu na mahali ilipo. Nikimaliza kitabu naunganisha waya kwenye kompyuta, nalichukua faili, na maandishi yangu yote ya kitabu kile yako mbele yangu: nani alisema nini kuhusu bei ya pembe, mwaka gani, chanzo kipi. Kazi hiyo nilikuwa naifanya kwa daftari na kalamu na ilikuwa inakula jioni zangu. Kama ungeniuliza jambo moja tu linalohalalisha ile laki nne, ningekutajia hili.

La tatu ni kutafuta, na hapa nataka kuwa mwangalifu kwa sababu wengi hulisifu bila kulipima. Mtu ametajwa sura ya pili, anaibuka tena sura ya tisa, umemsahau. Unaandika jina lake, unapewa kila mahali alipotajwa. Safi. Lakini jaribu kwa Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa misafara wa karne ya 19. Vitabu humwandika Tippu Tip, Tippu Tib, Tippoo Tib, na mara nyingine Hamed bin Muhammed el Murjebi, na kifaa kinakupa tahajia uliyoiandika tu. Faharasa nzuri iliyoandaliwa na mtu anayelijua somo humkusanya mtu huyo mahali pamoja kwa majina yake yote, tena ikatenganisha biashara yake, safari zake na uhusiano wake na Stanley, msafiri wa Kizungu. Kwenye vitabu vingi vya kielektroniki faharasa ama imeondolewa, ama imebaki na namba za kurasa za toleo la karatasi ambazo hazikupeleki popote. Kwa msomaji wa riwaya hilo si kitu. Kwa msomaji wa historia ni kama kunyang'anywa ufunguo wa nyumba.

Na ramani. Ukisoma jinsi dhahabu ilivyotoka Sofala ikapitia Kilwa, lazima uione pwani nzima kwa jicho moja, kutoka Mogadishu kushuka chini. Kwenye inchi 6 unaiona ama pwani nzima isiyosomeka majina, ama majina yasiyokuwa na pwani. Unakuza, unasogeza, kioo kinapepesa cheusi na cheupe kila unapogusa, na ukirudi kwenye maandishi umeshasahau ulikuwa unatafuta nini.

Mfano mkubwa ni Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO. Juzuu zake za awali ni 8, mradi wake ulianza 1964, wahariri wake ni watu kama Joseph Ki-Zerbo wa juzuu ya kwanza, Bethwell Ogot wa ya tano na Ali Mazrui wa ya nane, na UNESCO yenyewe imeziweka mtandaoni uzipakue bila malipo. Kwa msomaji wa Afrika hiyo ni hazina, na nilidhani kifaa kingekuwa mahali pake. Ila ni faili za PDF. Ukurasa wa PDF umefungwa: ukiongeza ukubwa wa herufi, mistari haijipangi upya, inatoka nje ya kioo na unabaki unasogeza kushoto na kulia kila mstari. Nimejaribu kuzigeuza kuwa EPUB kwa Calibre, programu ya bure ambayo kila mwenye kifaa hiki anapaswa kuwa nayo, na maandishi yalipatikana, ila tanbihi ziliingia katikati ya aya na vichwa vya kurasa vikajichomeka ndani ya sentensi. Juzuu hizo sasa nazisoma kwenye kompyuta, na ile ya saba, ya ukoloni kuanzia 1880 hadi 1935, nimeinunua ya karatasi.

Kiswahili ndicho kilichonisikitisha zaidi. Riwaya ninazozitaka za Kiswahili sizikuti kwenye maduka ya vitabu vya kielektroniki isipokuwa chache mno. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya ile Paradise, ninayo ya karatasi. Adam Shafi ya karatasi, Kezilahabi ya karatasi. Kamusi zilizokuja na kifaa ni za Kiingereza na lugha kadhaa za Ulaya. Ukigusa neno la Kiswahili kinakwambia hakuna kilichopatikana. Wachapishaji wetu wangetoa matoleo ya EPUB, hata kwa bei ileile ya karatasi, mimi ningekuwa wa kwanza kulipa.

Jambo jingine la kulijua kabla hujatoa hela: kitabu cha kielektroniki mara nyingi hukimiliki, umepewa ruhusa ya kukisoma. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kutoka kwenye vifaa vya wateja nakala za vitabu viwili vya George Orwell baada ya kugundua kwamba aliyeziuza hakuwa na haki nazo. Wateja walirudishiwa hela, lakini vitabu viliondoka. Tena huwezi kumwazima shemeji yako riwaya uliyoimaliza, na katika familia yetu kitabu kizuri huzunguka nyumba nne kabla hakijarudi. Kwa hiyo vitabu ninavyojua vitaombwa nanunua vya karatasi. Vya zamani visivyo na hakimiliki navichukua Project Gutenberg, mradi ulioanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, wenye vitabu zaidi ya 70,000 vya bure, na faili ukishalipakua ni lako.

Ukiamua kununua, pima kwa unachokisoma. Kama ni riwaya kwa sehemu kubwa, inchi 6 inatosha na usiongeze hata mia. Kama ni historia, tafuta cha inchi 10, bei yake ni kubwa lakini ukurasa wa PDF unaingia mzima. Nenda dukani na faili lako la PDF lenye ramani kwenye flashi au simu, mwombe muuzaji akuwekee kwenye kifaa alichokifungua cha maonyesho, na ujaribu kusoma jina la mji mdogo kabisa kwenye ramani hiyo kabla hujatoa hela.