Praha bila Kicheki: programu tatu za simu na mkalimani mmoja, zimepimwa kwa mtu wa mafunzo kazini

Anayekwenda Praha kwa mafunzo kazini ya miezi michache atahitaji nyumba, usafiri na karatasi za ukaazi kabla hajaweza kuunga sentensi moja ya Kicheki. Nomino za lugha hiyo zina hali saba, na hata ukijibidiisha kila jioni, barua ya serikali itabaki fumbo mpaka siku unayofunga mizigo. Bora kujua mapema ni huduma ipi inabeba nini. Hapa tunapima programu ya tiketi ya PID Lítačka, ramani za Mapy, programu za kutafsiri kwa kamera, na wakalimani wa Integrační centrum Praha, kituo cha kuwasaidia wageni wanaohamia mjini. Kwa kutembea, kula na kununua, simu inatosha kabisa. Kwa karatasi yoyote yenye jina lako na muhuri, tafuta mtu.

PID Lítačka ndiyo bora kati ya zile tatu za simu. Ina Kiingereza, inapokea kadi ya benki, na inakuuzia tiketi za metro, tramu na basi kwa pamoja, kwa sababu mji mzima una mfumo mmoja wa nauli. Tiketi inahesabiwa kwa muda, hivyo unaweza kubadilisha vyombo upendavyo ilimradi dakika hazijaisha. Kosa linalowagharimu wageni ni la kuwasha. Tiketi ukishainunua inalala kwenye simu mpaka uiwashe, na ukiiwasha haianzi kufanya kazi papo hapo; programu imewekewa pengo fupi kwa makusudi, ili mtu asisubiri kumwona mkaguzi ndipo abonyeze. Wakaguzi wengi huvaa kiraia na huonyesha beji. Iwashe ukiwa bado kituoni, na hakikisha betri ina chaji, maana simu iliyozimika haina tiketi.

Tiketi ya karatasi ina mtego wake. Ukiinunua kwenye kioski cha magazeti, ambacho huko huitwa trafika, lazima uipige muhuri kwenye kisanduku cha manjano unapopanda au unapoingia metro. Ukiinunua ndani ya tramu kwa kugusisha kadi kwenye mashine ya mlango wa kati, inatoka tayari ina saa na haitaki muhuri tena. Wengi huchanganya hizi mbili, na mkaguzi hasikilizi maelezo kwa lugha yoyote.

Kwa anayekaa zaidi ya wiki chache, pasi ya mwezi ina nafuu kuliko tiketi moja moja. Inaweza kuunganishwa na programu yenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kupanga foleni dirishani. Punguzo la wanafunzi wenye miaka 18 hadi 26 lina sharti la uthibitisho wa masomo. Usidhani barua ya kampuni inayokupokea itafanya kazi hiyo. Angalia pia mipaka: pasi ya Praha inahesabu kanda za nauli P, 0 na B, na kampuni nyingi zenye maghala na viwanda ziko nje ya hapo, kanda ya 1 au zaidi, ambako unaongeza nauli.

Kutoka uwanja wa ndege wa Václav Havel, miongozo ya zamani bado inakuambia upande basi namba 119. Tangu Machi 2024 njia hiyo ni ya trolibasi namba 59, nayo inakufikisha Nádraží Veleslavín, kwenye metro ya mstari A. Basi namba 100 linakwenda Zličín, mstari B. Chagua kwa kuangalia mstari ulio karibu na unapolala. Na ukisikia kituo chako kinatangazwa kwa maneno "na znamení", bonyeza kitufe, la sivyo dereva atapita.

Mapy, ya kampuni ya Seznam, inashinda ramani nyingine kwa sababu moja kubwa: anwani. Jengo la Praha huwa na vibao viwili vya namba, chekundu na cha bluu. Chekundu ni namba ya usajili wa jengo katika mtaa, na haifuati mpangilio wa barabara. Cha bluu ndicho kinachofuatana mlango kwa mlango. Kwenye mkataba utaona kitu kama 1234/56. Ukitembea barabarani ukitafuta 1234 utachoka bure, tafuta 56 kwenye kibao cha bluu. Mapy inazielewa zote mbili, na haijali ukiandika jina la barabara bila alama zake za juu. Njia za miguu, ngazi na vichochoro vya kupenya kati ya majengo imezichora vizuri mno. Udhaifu wake ni kwamba maoni ya wateja kuhusu maduka karibu yote ni ya Kicheki. Kwa ratiba za treni za kwenda Brno au Plzeň, achana nayo, tumia IDOS, huduma ya kutafuta ratiba za usafiri. Na ukifika kwenye jengo, "přízemí" ni chini kabisa. Ghorofa ya 1 iko juu yake.

Sasa kamera ya kutafsiri. Pakua kifurushi cha Kicheki kabla ya safari, kwa sababu ndani ya maduka ya chini ya ardhi mtandao huyumba. Kwenye lebo za chakula inafanya kazi nzuri, ila inakutafsiria neno bila kukuambia matumizi. Unga wa ngano ndio mfano unaouma: rafu moja ina hladká, polohrubá na hrubá. Kamera itasema laini, nusu-chenga na chenga, na mtu akachukua wowote. Wa chapati ni hladká. Hrubá ni wa madonge yao ya kuchemsha, na chapati yake itakatika mkononi. Tarehe nazo ni mbili: "spotřebujte do" ni mwisho wa kula, usivuke, "minimální trvanlivost do" ni mwisho wa ubora tu, na vitu vya namna hiyo huuzwa kwa punguzo bila tatizo.

Kamera inapofeli, inafeli kwa vifupisho, mwandiko wa mkono na picha iliyotikisika. Alama ndogo juu ya herufi zikipotea kwenye picha, neno hugeuka neno jingine au upuuzi. Simamisha mkono, piga picha badala ya kutafsiri moja kwa moja, halafu soma. Mgahawani usihangaike nayo kwenye kile kikaratasi chembamba kinachoachwa mezani: mistari ya kalamu juu yake ni hesabu ya bia, mmoja kwa kila glasi. Glasi ikiisha, kwenye baa nyingi za kienyeji huletwa nyingine bila kuulizwa. Weka kile kigodoro cha karatasi kinachokaa chini ya glasi juu yake, wataelewa. Chakula cha bei nafuu ni "polední menu", na hupatikana takriban kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana. Ukienda saa 9 utapewa bei ya jioni.

Kwa mkataba wa nyumba, elekeza tafsiri kwa Kiingereza hata kama unasoma Kiswahili kwa raha zaidi. Jozi ya Kicheki na Kiingereza imelishwa maandishi mengi kuliko ya Kicheki na Kiswahili, na kwenye vifungu virefu tofauti inaonekana. Hata hivyo kamera inaweza kukuletea "dhamana ya mahakama" mahali palipoandikwa "kauce", ambayo ni amana ya nyumba tu. Sheria inaweka ukomo: isizidi kodi ya miezi 3. Tazama kama bei iliyotajwa ni "nájem" peke yake au imejumuisha "služby", yaani maji, taka na taa za ngazi, na "energie", umeme na gesi. Hizo hulipwa kwa makadirio na kupigiwa hesabu kamili baadaye. Anayeondoka katikati ya mwaka akubaliane kwa maandishi, kabla ya kusaini, jinsi hesabu hiyo itakavyofungwa na amana itarudi lini. Tangazo la 1+kk ni chumba kimoja chenye kona ya jiko. 1+1 lina jiko la peke yake.

Hapo ndipo simu inapofika ukingoni. Raia wa nje ya Umoja wa Ulaya ana siku 3 za kazi tangu kuingia kujiandikisha, ama Polisi ya Wageni au ofisi ya Wizara ya Mambo ya Ndani inayojulikana kama OAMP, kutegemea aina ya viza. Shauri mbele ya ofisi huendeshwa kwa Kicheki, na hati za lugha nyingine hutakiwa ziwe na tafsiri ya mtafsiri wa mahakama mwenye muhuri wa mviringo. Karatasi uliyoichapisha kutoka kwenye simu haina thamani pale. Bei ya tafsiri huhesabiwa kwa ukurasa wa kawaida wa herufi 1,800 pamoja na nafasi, si kwa karatasi unayoishika mkononi, na tafsiri hushonwa pamoja na hati. Kwa hiyo peleka nakala iliyothibitishwa, la sivyo cheti chako halisi kitabaki kimeshonwa. Cheti chenye Kiingereza na Kiswahili kipelekwe kwa mtafsiri wa Kiingereza; wako wengi zaidi.

Hati inayokataliwa mara nyingi ni uthibitisho wa makazi. Mwenye nyumba anaisaini jikoni kwake, anakupa, na dirishani inarudishwa, kwa sababu saini yake ilipaswa kuthibitishwa rasmi. Huduma hiyo ipo posta, kwenye dirisha la Czech POINT, na lazima aende yeye na kitambulisho chake. Mkishaafikiana, andika jina lako kwenye sanduku la barua na kengele siku hiyohiyo, kama lilivyo kwenye pasipoti. Barua ya serikali ikikosa mtu huachwa posta, na ikifika siku ya 10 bila kuchukuliwa, kisheria huhesabiwa kwamba imekufikia. Muda wa kujibu unaanza kukimbia wakati wewe hujui chochote.

Kwa haya yote, Integrační centrum Praha ndiyo huduma yenye thamani kubwa kuliko zote tulizopima, nayo ni ya bure kwa raia wa nje ya Umoja wa Ulaya. Wana ushauri wa kisheria na wa kijamii, madarasa ya Kicheki, na watu wa kukusindikiza ofisini. Weka miadi mapema, kabla hata hujajua siku kamili ya ofisi, kwa sababu nafasi hujaa. Nenda na pasipoti, mkataba wa nyumba, barua ya kampuni na kila bahasha uliyopokea, hata ile unayodhani ni tangazo. Anayekaa Brno ana Brno Expat Centre, iliyoanza 2010, ambayo ushauri wake wa kwanza hutolewa kwa Kiingereza bila malipo.

Jua tu mipaka yao. Msindikizaji atakueleza afisa anasema nini na atauliza unachotaka kuuliza, lakini tafsiri yake si ya mahakama, na hawezi kusaini kwa niaba yako bila hati ya uwakilishi, ile inayoitwa "plná moc". Ukipewa hati ya jina hilo na dalali, usiisaini mpaka mtu wa kituo ameisoma.