Kutoka Kindle kwenda Kobo: kinachohama na kinachobaki nyuma

Kobo Libra Colour, kifaa cha kusomea vitabu vya kidijitali kama ilivyo Kindle ya Amazon, ina kioo cha inchi 7, vitufe viwili vya kugeuzia kurasa, nafasi ya GB 32, na haiogopi maji. Maandishi meusi yana nukta 300 kwa inchi na rangi zina 150. Tabaka la rangi hufifiza weupe wa ukurasa, kwa hiyo aliyezoea Kindle Paperwhite atajikuta anaongeza mwanga hata mchana. Kama unasoma riwaya tu, chukua Kobo Clara BW, isiyo na rangi, na usahau rangi.

Kifaa chenyewe hakina neno. Kazi iko kwenye vitabu.

Wengi hulaumu aina ya faili: eti Kindle ina AZW3 yake, Kobo inataka EPUB, basi haviingiliani. Hilo ni jambo dogo. Programu ya Calibre, tena ya bure, hubadilisha AZW3 isiyofungwa kuwa EPUB kwa muda mfupi. Kinachokwamisha ni kufuli ya kidijitali, DRM. Kitabu cha Amazon chenye kufuli hakifunguki kwenye Kobo hata ukibadilishe jina mara kumi. Isitoshe, tarehe 26 Februari 2025 Amazon iliondoa huduma ya kupakua vitabu kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Kwa hiyo kabla ya kununua Kobo, hesabu vitabu vya Amazon ambavyo bado utavirudia. Vikiwa vingi, usiiuze Kindle; au visomee kwenye programu ya Kindle ya simu. Usitegemee kuiweka programu hiyo kwenye Libra, maana haina duka la programu.

Vitabu visivyo na kufuli ndivyo vinavyohama vizuri. Viingize Calibre, rekebisha jina la mwandishi na jalada hapo hapo (kwenye Kobo kazi hiyo ni mateso), unganisha kifaa kwa waya, kubali ombi la kuunganisha linalotokea kwenye kioo, kisha vitume. Usichomoe waya kabla ya kukiondoa kifaa kwa njia rasmi (Eject) kwenye kompyuta. Ukiuchomoa ghafla, hifadhidata ya Kobo inaweza kuharibika, na kitabu kikawa kipo kwenye folda lakini hakionekani kwenye orodha.

Halafu kuna KEPUB, yaani EPUB ya Kobo yenyewe, na hapa inafaa kutulia kidogo. Kobo ina mitambo miwili ya kusomea. Faili inayoishia .epub hupitia mtambo wa Adobe; inayoishia .kepub.epub hupitia mtambo wa Kobo wenyewe. Kitabu ni kile kile, lakini kikiwa KEPUB kurasa hugeuka kwa wepesi zaidi na unapata takwimu za usomaji, ikiwemo muda uliobaki kumaliza sura. Calibre kuanzia toleo la 8 hubadilisha yenyewe wakati wa kutuma. Ukikuta kitabu kinajivuta, tazama mwisho wa jina la faili kabla ya kulaumu kifaa.

Maduka mengine na baadhi ya maktaba hukupa faili ya .acsm. Hicho si kitabu, ni kibali tu cha kukipakua. Ukikinakili kwenye Kobo hutaona kitu. Kifungue kwa Adobe Digital Editions kwenye kompyuta, ukiwa umeingia kwa akaunti ya Adobe. Programu italeta EPUB yenyewe, nawe utaihamishia Kobo kutoka humo humo. Anayepata vitabu vyake vingi kwa njia hii aitazame PocketBook, aina nyingine ya kifaa cha kusomea, ambayo hufungua .acsm bila kompyuta.

Alama na maelezo uliyoandika havihami. Kwenye Kindle, unganisha waya na unakili faili ya My Clippings.txt iliyo ndani ya folda ya documents. Utapata maneno uliyoyapigia mstari, lakini hayatarudi mahali pake kwenye kurasa za Kobo. Vilevile ukurasa ulioishia hautafuata. Andika sura uliyofikia. Kindle za mwaka 2024 hutumia MTP, njia nyingine ya kuhamisha faili kwa waya, badala ya kuonekana kama flashi, hivyo kwenye Mac utahitaji programu ya ziada ili kuiona.

Anayehama kinyume, kutoka Kobo kwenda Kindle, atumie Send to Kindle, huduma ya Amazon ya kutuma faili kwenye Kindle. Inapokea EPUB isiyo na kufuli, hadi MB 200 kwa tovuti na MB 50 kwa barua pepe. Ikikataa na kuandika msimbo wa kosa E999, mara nyingi EPUB ina kasoro ndani: kiungo kinachoelekea mahali pasipokuwepo, au msimbo wa lugha uliokosewa. Jaribu kuibadilisha kutoka EPUB kwenda EPUB ndani ya Calibre, kisha itume upya. Herufi zikitokea kama takataka, faili haikutaja kuwa ni UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi.

PDF ziache zilivyo. Calibre itakubali kuzibadilisha, lakini mistari itakatika katikati ya sentensi na namba za kurasa zitajipenyeza kwenye aya. PDF ya A4 kwenye inchi 7 husomwa kwa kukuza na kuburuta. Kwa kazi hiyo kishikwambi ni bora kuliko Kindle na Kobo zote mbili.