Diski ya pili: ya ndani au ya nje?

Kwa kompyuta ya mezani ya zamani, kama zile za steshenari nyingi za Mtwara mjini, mimi nachagua ya ndani. Zima, chomoa umeme, fungua kava. Tafuta tundu la SATA (la kuunganishia diski) lililo wazi kwenye madabodi, yaani bodi kuu, na waya wa umeme wenye kichwa bapa kutoka pawa saplai. Ukivipata, umebaki waya wa data wa SATA na skrubu nne tu. Mafaili yatahama kwa takriban MB 100 kwa sekunde. Ukikuta utepe mpana wa IDE, muunganisho wa zamani wa diski, peke yake, usihangaike, nunua ya nje.

Ya nje unachomeka tu, lakini USB 2.0, toleo la zamani la USB, huishia kama MB 35 kwa sekunde, na waya ukiguswa wakati wa kunakili, faili linaweza kuharibika. Anayebeba kazi za wateja hadi Masasi, hiyo ndiyo yake.