Nimepiga rangi kona ya bampa la Vitz nyumbani: uzoefu wangu na rangi ya kopo

Mwezi wa tatu nilikuwa narudi nyuma kutoka getini, kona ya kushoto ya bampa la nyuma ikasaga nguzo. Bampa halikupasuka wala klipsi hazikuchomoka, ila rangi ilikwanguka eneo kama la viganja viwili, na katikati plastiki nyeusi ikawa inaonekana. Gari ni Vitz ya 2006, rangi ya fedha. Fundi alitaka shilingi 120,000 apige bampa zima. Nikaamua kuifanya mwenyewe hapa nyumbani, Tabata, Dar es Salaam.

Jaribio la kwanza liliharibika. Nilinunua kopo la rangi ya fedha kwenye duka la vifaa vya ujenzi kwa 12,000, nikaosha kwa sabuni, nikapitisha msasa mara mbili tatu, nikapuliza. Ukisimama mbali ilipendeza. Asubuhi nabandua tepu ya karatasi, rangi ikatoka nayo kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Na pale ambapo rangi ya zamani ilibaki, palikuwa na vishimo vya mviringo kama macho ya samaki.

Jirani yetu ni mzee aliyepiga rangi magari miaka mingi eneo la Gerezani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaomba jagi la maji. Akayamwaga taratibu upande wa bampa ambao sikuugusa. Maji hayakutandaa, yalikimbiana yakawa matone matone, yakateleza chini.

"Unaona, mwanangu? Maji yanakataa kukaa hapa. Na rangi itakataa vilevile. Hii ni polishi mnayopakwa mkienda kuosha gari."

Kisha akaniinamisha nichungulie upande wa ndani wa bampa. Kuna herufi zimechapwa kwenye plastiki: PP. Ni polipropilini, plastiki ambayo kwa asili rangi haipati pa kushika. Pale ilipobaki uchi lazima ianze praima (rangi ya msingi) ya plastiki, ile inayopulizwa nyembamba kabisa na karibu haionekani, ndipo praima ya kawaida ifuate. Duka la kwanza hakuna aliyeniambia hivyo, na mimi sikujua cha kuuliza.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kwenye maduka ya rangi Kariakoo. Namba ya rangi ya gari langu iko kwenye kibati kilicho ndani ya boneti: 1F7. Ukiwapa namba hiyo wanakuchanganyia na kukujazia kopo la mililita 400 ukisubiri. Nililipa 25,000, praima ya plastiki 18,000, klia (ile tabaka angavu inayopigwa juu ya rangi) 18,000, misasa na tepu 7,000. Jumla 68,000, ukiacha ile 12,000 iliyopotea. Praima ya kijivu nilipewa na mzee.

Kazi yenyewe iko kwenye msasa. Baada ya kuosha na kufuta kwa spiriti mpaka maji yakatandaa bila kukatika, nilianza na namba 320 kulainisha kingo za pale rangi ilipokwanguka. Mzee aliniambia nifumbe macho nipitishe kidole: kama bado unahisi ngazi, endelea. Nilihisi ngazi mara nne. Saa nzima na nusu ilikwenda hapo, na singeipunguza hata dakika, kwa sababu ngazi ndogo ambayo jicho halioni, rangi ya fedha inaianika yote. Ikafuata praima ya plastiki, praima ya kijivu, kisha msasa wa 600 kwa maji.

Rangi niliipuliza mikono mitatu myepesi, yaani tabaka tatu, kopo likiwa mbali kama sentimita 25, nikipumzika dakika kumi kati ya mkono na mkono. Wa pili niliusogeza karibu mno, ukalowa. Rangi ya fedha ina chembe ndogo za metali. Ukiilowesha zinazama na rangi inakuwa nzito. Kivulini huoni tofauti. Jua la saa kumi na moja likipiga kwa ubavu, ile kona inaonekana nyeusi kidogo kuliko madigadi. Mke wangu haioni, mimi naiona kila jioni.

Klia ndiyo iliyonisumbua. Mvua ilikuwa imekatika mchana, hewa nzito, nami nikapuliza mkono wa pili magharibi inaingia. Ikageuka nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Kumbe kimiminika kikikauka kinapoza uso, unyevu wa hewani unatua juu yake. Ilibidi nisubiri ikauke, nipige msasa wa 1000, nirudie kesho yake saa tano asubuhi jua likiwa kali. Kwa Dar wakati wa masika, msipulize jioni.

Kuna klia ngumu zaidi, ya kopo lenye hadena (kigumisho) ndani yake. Sikuichukua. Hadena yake ina isosayaneti, kemikali inayoumiza mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Watoto wanacheza uani kwangu. Niliyotumia ni laini zaidi, na petroli ikiidondokea itaiharibu, lakini hilo nilikubaliana nalo.

Miezi mitano imepita. Gari linaoshwa kila wiki, na kokoto moja imeshapiga palepale: imeacha kidoti, rangi ya pembeni haijabanduka. Rangi iliyochanganywa kwa namba naipa nyota tano, praima ya plastiki tano, klia tatu. Kama bampa limepasuka, au gari lako ni nyeupe ile ya lulu inayopigwa tabaka tatu, mpelekee fundi, 120,000 yake ni halali. Kopo langu nililigeuza juu chini nikapuliza mpaka ncha ikatoa hewa tupu, isizibe. Rangi iliyobaki itatosha mkwaruzo wa bampa la mbele.