Katani na pesti kwenye bomba kuukuu: tredi tepu imebaki kazi ndogo ndogo tu

Mabomba ya kwangu ni yale ya chuma ya kizamani, nusu inchi, tredi (ile mifereji ya kufungia mdomoni mwa bomba) zimeliwa na kutu na jointi ya elbo (ile kona) ilikuwa inadondosha maji usiku kucha, sasa nimeshatumia karibu vyote vya kuzibia ndo naandika hapa.

Tredi tepu ile nyeupe: kwa fitingi (vile viungio vya bomba) mpya sina neno, haichafui mikono na unamaliza chapchap. Ila kwenye tredi zenye makovu inakatika wakati unakaza, inasukumwa nje inajikunja mdomoni mwa fitingi, ndani hamna kitu. Halafu ukishakaza ukaona elbo haijaangalia unakotaka ukairudisha nyuma hata kidogo imekula kwako, inavuja, fungua yote anza upya.

Katani na pesti (ule uji mzito wa kupaka kwenye tredi) ndo mpango mzima. Sugua tredi kwa brashi ya waya mpaka uone chuma, chukua nyuzi chache (chache kweli jamani, sio kufuma jamvi), mdomo wa bomba ukikutazama zungusha kufuata mshale wa saa zikae ndani ya mifereji ya tredi, kisha paka pesti juu ndo ukaze. Katani ikilowa inavimba kwa hiyo pale kutu ilipokula panajaa penyewe, yangu ilitoa jasho kidogo mwanzoni nikaiacha, baadaye kavu kabisa, na elbo niliirudisha kidogo ikae sawa wala haikuvuja. Ubaya wake inachafua, pesti kutoka kwenye kucha ni kazi, na kwa fitingi za plastiki siweki maana ukijaza nyuzi ukakaza kwa nguvu zinapasuka, huko tepu inatosha.

Ile gundi ya tredi ya kwenye kichupa inaganda ikibanwa kati ya chuma na chuma bila hewa, inashika kweli, shida inataka tredi safi na kavu na koki yangu kuu haifungi vizuri, maji yananyemelea muda wote, ikagoma. Nayo ikishashika kuja kufungua ni balaa, mara nyingi mpaka uipashe moto.

Nati kubwa ya yunioni (ile jointi inayofunguka bila kuzungusha bomba) msiihangaikie na hivi vitu, pale kinachoziba ni zile nyuso mbili zikikutana au washa yake, nati inabana tu.

Katani nyota 5, tepu 3, gundi 2. Na kama bomba limeshakuwa jembamba kwenye tredi hadi linabonyea ukilibana na spana, usinunue chochote kati ya hivi, kata hicho kipande uweke kipya.