Riteina tatu baada ya bresi: ipi inalinda kuumana kwa meno?

Wengi huchagua riteina, yaani kifaa cha kuzuia meno yasirudi yalikokuwa baada ya bresi, kwa kuangalia meno ya mbele tu. Sisi tunaipima kwa swali zito zaidi: miaka ikipita, meno ya juu na ya chini yatakutana vilevile? Nyuzi za ufizi zilizovutwa jino lilipozungushwa huweza kuendelea kulirudisha hata baada ya miezi mingi, na taya nalo hubadilika hadi utu uzima. Robert Little na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha mwaka 1981 kwamba, miaka 10 au zaidi baada ya kuacha riteina, chini ya 30% ya waliong'olewa magego madogo ndio waliobaki na meno ya mbele ya chini yaliyopangika vizuri.

Riteina ya plastiki angavu hushika mpangilio wa mbele barabara na haionekani. Lakini hufunika sehemu za kutafunia, kwa hiyo magego hayapati nafasi ya kukaa sawasawa juu ya wenzake. Ikikatwa fupi, gego la nyuma lililoachwa wazi hurefuka na meno ya mbele huacha kukutana. Hakikisha inafika gego la mwisho lililoota. Karatasi ya plastiki ya milimita 1 inayotumika kuitengeneza hupungua unene ikishavutwa juu ya modeli ya meno, na anayesaga meno usiku huitoboa. Maji ya moto huipinda. Kunywa soda ukiwa umeivaa ni kuyalowesha meno kwenye asidi na sukari.

Riteina ya Hawley, ya akriliki (aina ya plastiki) na waya, ndiyo tunayoipa alama za juu kwa kuumana. Magego huachwa yakutane. Aliyekuwa na meno ya juu yanayofunika mno ya chini aombe kijukwaa cha akriliki nyuma ya meno ya mbele ya juu, ili ya chini yatue hapo. Aliyepanuliwa taya la juu hunufaika na akriliki ngumu inayovuka kaakaa. Matamshi husumbua siku za mwanzo na waya unaonekana, ila ukilegea hukazwa kwa koleo. Plastiki ikilegea hutengenezwa nyingine.

Waya wa kugandishwa nyuma ya meno, chonge hadi chonge, ni bora kwa meno ya mbele ya chini, na kwa magego hausaidii kitu. Gundi ikibanduka kwenye jino moja mtu hahisi, nalo linahama taratibu. Ugaga hujaa haraka, hivyo uzi wa meno lazima upitishwe chini ya waya kila siku.

Chaguo letu kwa watu wazima wengi: waya chini, Hawley juu, kisha kuivaa usiku bila kikomo. Kama ulimi ndio uliosukuma meno yakaachana, hakuna riteina itakayotosha mpaka tabia hiyo itibiwe.

Riteina ikianza kubana, meno yameshasogea: ivae usiku na mchana mpaka ikae vizuri. Isipofika chini kabisa usiilazimishe; nenda kliniki ikapimwe upya.